Uzoefu wangu: seti ya kujifungia fimbo ya kuvulia ya futi 7, kwenye joto la pwani

Seti hii inauzwa kwa anayeanza, na kwa sehemu kubwa inamtosha. Ndani ya boksi kuna ufito wa karboni wa futi 7 wenye vipande viwili, wa mshipi wa ratili 8 hadi 17. Pete saba za kupitishia mshipi, mbali na ya nchani. Kikalio cha rili. Mpini wa sponji ngumu. Uzi wa nailoni saizi A. Gundi ya epoksi ya mpini. Na vanishi ya epoksi katika chupa mbili. Tupa ndogo, msasa, wembe, spiriti na mota ya kugeuzia fimbo utatafuta mwenyewe. Ukijumlisha usafiri na ushuru hadi Mombasa, usiinunue kwa kutafuta unafuu. Inunue kwa sababu unataka fimbo iliyofungwa sawasawa, maana ufito wenyewe ni mzuri kweli: mwepesi, umenyooka, na kiungo chake hakichezi.

Tatizo la seti hii ni kijitabu chake. Kimeandikiwa karakana yenye baridi na hewa kavu. Ukikifuata neno kwa neno hapa pwani, utaharibu kazi mara mbili: kwenye gundi na kwenye vanishi.

Anza na mgongo wa ufito, yaani ule upande wake ulio mgumu zaidi kupinda. Simamisha shina kwenye sakafu laini, ncha ilale juu ya kiganja kilicho wazi, kisha bonyeza katikati kwa mkono wa pili huku ukiuviringisha. Utauhisi unaruka na kutulia upande mmoja. Weka alama hapo, kwa kila kipande peke yake. Kijitabu kinasisitiza mgongo tu. Mimi ufito ukiwa na kombo unaloliona kwa jicho, nafuata unyoofu kwanza.

Kwa mpini, kikalio cha rili kina tundu pana kuliko ufito, na pengo hilo kijitabu kinataka ulizibe kwa tepu ya karatasi. Usikubali. Karatasi ikinyonya maji ya chumvi hulainika, na baada ya muda kikalio kinaanza kugonga kila unapotupa. Nenda kwa wauza vifaa vya jipsamu, nunua ile tepu ya wavu ya fibaglasi inayozibia viungo vya dari. Zungusha mikanda mitatu ya upana wa sentimita 1, acha nafasi ya sentimita 1 kati yake, hadi kikalio kiingie kwa kusukumwa kidogo. Gundi hupenya matundu ya wavu na kushika hadi kwenye ufito. Gundi yenyewe ya seti ni ile ya dakika tano, na kwenye joto la nyuzi 31 itakugandia kikalio kikiwa bado nusu njia. Nunua epoksi ya kukauka polepole. Kabla haijashika, chungulia kutoka shinani hadi nchani uhakikishe kikalio kimelingana na alama zako.

Pete za kuanzia zipange hivi, ukipima kutoka nchani: sentimita 10, 21, 34, 49, 65, 85, na ya mwisho 109. Hiyo ya 109 inaangukia kwenye kiungo, kwa hiyo isogeze hadi 116. Zibane kwa tepu, pitisha mshipi, ning'iniza chupa ya maji ya lita 1.5, inua. Mshipi ufuate mkunjo wa fimbo. Ukiona umekata kona kali kati ya pete mbili, zisogeze sentimita moja moja. Mdomo wa kiungo nao ufunge kwa uzi, upana wa sentimita 2, la sivyo utapasuka.

Mguu wa kila pete, yaani sehemu inayolala juu ya ufito na kufungwa uzi, upigwe tupa hadi ncha yake iwe nyembamba kama ukucha, ili uzi upande bila kuacha shimo. Pitisha kidole chini ya mguu: kikikwaruzwa, ufito nao utakwaruzwa, na karboni iliyokwaruzwa huvunjika hapo hapo. Uzi ukaze kiasi kwamba pete ukiisukuma kwa gumba bado inasogea kidogo. Kumaliza, zikibaki raundi saba au nane laza kitanzi cha uzi mwingine, endelea kufunga juu yake, kata uzi wako, upitishe kwenye kitanzi na ukivute chini ya raundi zile. Kibonge cha uzi kilichokuja ni cha buluu ya mbingu, lakini uzi wa nailoni wa kawaida ukinywa vanishi hugeuka buluu ya usiku, na mweupe hupotea kabisa ukaona mguu wa pete. Jaribu kwanza kwenye kijiti.

Sasa vanishi, ambako kazi nyingi za wanaoanza huharibikia. Tazama kwa karibu mahali uzi unapopanda juu ya mguu wa pete: kando zote mbili kuna vijia viwili vya pembetatu, vyembamba, vinavyokwenda hadi chini. Visipojaa, maji ya bahari huingia humo, na tupa imeshaondoa rangi iliyokinga chuma. Kutu huanzia ndani na kujitokeza kama mstari wa kahawia chini ya vanishi inayong'aa. Ndiyo maana koti la kwanza liwe jepesi sana, ulielekeze kwenye vijia hivyo hadi uone hewa imetoka.

Pima mililita 3 za kila chupa, kila moja na bomba lake la sindano. Usipime mililita moja moja, kwa sababu kosa la 0.2 tu hapo ni asilimia 20, na vanishi haitakauka kamwe. Bomba lenye raba nyeusi liache, kwani mafuta yake huifanya vanishi ikimbie uzi na kuacha matundu. Koroga taratibu dakika tatu hadi nne, kisha imwage yote juu ya karatasi ya alumini. Ikitandaa hupoa na viputo hupasuka. Kijitabu kinasema pasha chupa kwenye maji ya moto. Hapa usifanye hivyo, utapunguza muda ambao tayari ni mfupi. Changanya kwa pete tatu au nne tu, kisha changanya upya.

Fanya kazi saa nne asubuhi, umande ukishapanda, chumba kimefungwa na feni imezimwa. Siku za masika ahirisha. Unyevu ukizidi, asubuhi yake utakuta utando wa ukungu unaoteleza kama mafuta. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha pangusa kwa spiriti kabla ya koti la pili, ambalo huja baada ya saa 24. Viputo vitoe kwa kupitisha haraka moto wa taa ya spiriti; kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu.

Mota ya sahani ya maikrowevu, mizunguko 5 hadi 6 kwa dakika, inafaa kabisa kugeuzia fimbo ili vanishi isitiririke. Soma kibandiko chake kwanza: nyingine ni za volti 21 na zitaungua kwenye umeme wa nyumbani. Bila mota, geuza robo mzunguko kila dakika 5 kwa saa nzima, kisha nusu kila dakika 15 hadi isitiririke.

Pete ya nchani ishike kwa gundi ya kuyeyuka kwa moto, ili siku ikivunjika uipashe na kuichomoa.

Kwa chambo bandia cha gramu 10 hadi 25, ukitafuta changu na kolekole wadogo mwambani, fimbo hii inatupa vizuri na unahisi hata samaki anapogusa tu. Ufito na pete naupa alama za juu. Gundi na uzi ningependa viuzwe kando, mnunuzi achague. Subiri wiki moja kabla ya kuitia maji ya chumvi.