Nimepima ubwiriunga wa mikorosho kwa ImageJ: uzoefu wangu

Msimu wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukiingia huku Mtwara, kazi yangu ni kupima. Majani machanga na maua ya mikorosho huletwa kutoka shambani yakiwa na unga mweupe, nayapiga picha, kisha naulizwa: spora (chembe ndogo zinazoeneza ukungu huo) zina urefu gani, jani limeshambuliwa kiasi gani? Programu ya kupimia niliyotajiwa na muuzaji wa kamera za hadubini bei yake ilizidi hadubini yenyewe. Nikachukua ImageJ, programu ya kompyuta ya kupimia picha, na huu ni msimu wa pili.

Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1997 na Wayne Rasband, kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani. Inaendeshwa kwa Java, na kompyuta yangu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inaimudu vizuri. Intaneti niliihitaji siku ya kuipakua tu.

Kinachotaka umakini ni skeli. Programu inajua pikseli (nukta za picha), haijui mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) mpaka uiambie. Unapiga picha ya kioo cha vipimo, milimita 1 iliyogawanywa mara 100, unachora mstari juu ya alama zake na kuandika urefu halisi. Kwangu lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40, ilitoa pikseli 412 kwa kila mikromita 100, ya 10 ikatoa 103. Wiki ya kwanza nilihamia lenzi ya 40 nikasahau kubadili skeli, na spora ya mikromita 35 ikasomeka 140! Nilirudia picha zote. Siku hizi jina la kila picha lina namba ya lenzi. Pia picha iliyotumwa kwa simu ikapunguzwa ukubwa siipimi, maana pikseli zake si zile tena.

Majani nayalaza kwenye karatasi nyeupe na rula pembeni. Piga picha kivulini: jani la mkorosho linang'aa, na juani programu ilinihesabia mng'ao kama ukungu. Zamani nilichora jani kwenye karatasi ya grafu na kuhesabu vyumba kimoja kimoja, karibu nusu saa. Sasa ni dakika tatu.

Menyu zote ni za Kiingereza, hilo liliwapa shida vijana wa mafunzo. Na spora zilizogusana huhesabiwa kama moja. Ipo amri ya kuzitenganisha, ila mara nyingine inakata hata spora nzima, kwa hiyo hizo nazihesabu kwa macho.