Mmea wa Krismasi wa kununua mwaka huu: pindua chungu kwanza

Kila Januari malalamiko ni yale yale. Poinsetia, ule mmea wa majani mekundu wa Krismasi, ilinunuliwa tarehe 20 Desemba ikiwa nyekundu pyu, Mwaka Mpya ukaikuta vijiti vitupu. Majani ya chini yalianza kuwa ya njano, mwenye nyumba akadhani ni kiu, akaongeza maji. Yakazidi kupukutika, naye akazidi kuongeza. Mwishowe anajihukumu: "Mimi sina mkono wa mimea." Mkono hauna kosa. Mmea ulizama, na kilichouzamisha ni ile karatasi ya kung'aa iliyofungwa kwenye chungu, ambayo mnunuzi aliilipia kwa hiari yake.

Kwa hiyo rangi ya ua na urefu wa shina sitavigusa hapa. Hivyo kila mtu anaviona akiwa amesimama kitaluni. Ninachotaka kukiangalia ni kitako cha chungu.

Kinachotokea chini

Chungu cha plastiki kikitoka kitaluni huwa na matundu chini. Muuzaji anakivalisha foili ya dhahabu, anafunga utepe mwekundu, na tangu hapo matundu hayana kazi. Maji yanashuka kwenye udongo, yanagonga foili, yanatuama. Mizizi nayo inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Ncha za mizizi zinakufa, kisha vimelea vya kuoza kama Pythium vinamalizia kazi. Mzizi uliooza haunyonyi, ndiyo maana mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Ukiuona umenyauka na udongo umelowa, usiuongezee hata tone.

Kabla ya kulipa, fanya hivi. Pitisha vidole viwili pande zote za shina, kiganja kizibe udongo. Pindua chungu, gonga ukingo wake, vuta mmea utoke nusu. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa, na imeushika udongo ukabaki bonge moja. Mibovu ni ya kahawia. Bana mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu: kama umeoza, ganda la nje litachomoka kama soksi na kubakiza uzi mwembamba mkononi. Nusa pia. Harufu ya mtaro haihitaji maelezo. Ikiwa udongo wote unamwagika na shina linabaki na vimizizi vitatu, huo ni mche uliohamishwa juzi ili uwahi soko. Na muuzaji akikataa usiuchomoe, amekwisha kukujibu.

Ukifika nyumbani vua foili. Kama unaipenda kwa ajili ya mezani, toboa kitako chake kwa kisu sehemu nne au tano, weka kisahani chini, na dakika ishirini baada ya kumwagilia mwaga maji yaliyokusanyika.

Vyungu vya kauri visivyo na tundu ni balaa lile lile, ila la bei kubwa zaidi. Utashauriwa utandaze kokoto chini. Hazisaidii. Maji hukaa kwenye udongo juu ya kokoto, hivyo unachofanya ni kuinua tope lisogee karibu zaidi na mizizi. Tafuta fundi mwenye drili na biti ya vigae ya milimita 10. Bandika selotepu pale pa kutoboa ili biti isiteleze, zima ile hali ya kugonga, zungusha polepole huku ukidondoshea maji. Kauri hupasuka kwa joto na kwa haraka ya fundi.

1. Kalankoe, na hasa Calandiva

Sifichi upendeleo wangu. Kama unanunua mmea mmoja tu, nunua Calandiva. Ni kalankoe ya maua yenye tabaka nyingi, kila ua kama waridi dogo, na jina hilo ni la kibiashara, la kampuni ya Dümmen Orange. Kalankoe ya kawaida ina petali nne tu. Kumbuka hiyo nne, kwa sababu kuna wauzaji wanaoiita kila kalankoe Calandiva ili wapandishe bei. Hesabu petali mbele yake. Zikiwa nne, lipa bei ya kalankoe.

Ninaiweka ya kwanza kwa sababu ya jinsi tunavyoishi Desemba. Nyumba nyingi za Nairobi na Dar zinafungwa kuanzia tarehe 22 au 23, watu wanakwenda kwao, wanarudi baada ya wiki mbili. Kalankoe inatoka Madagaska, majani yake manene ni matangi ya maji, na wiki mbili bila mtu haziisumbui. Imwagilie siku moja kabla ya safari, iache maji yote yatoke, isogeze hatua mbili kutoka kwenye dirisha la jua kali, funga mlango uende.

Siku za kawaida, tumbukiza kidole. Udongo ukiwa mkavu sentimita tatu hadi nne kwenda chini, mwagilia; chungu cha sentimita 12 kinatosheka na kikombe cha chai. Usinyeshee majani wala maua, maana maji yakibaki kwenye vikonyo vilivyosongamana huleta ukungu wa kijivu. Unaponunua, chagua yenye robo ya maua yaliyofunguka na mengine yote bado vifundo. Iliyochanua yote imekwisha kula sikukuu yake huko kitaluni.

Maua yakikauka, kata kikonyo chote hadi juu ya jozi ya pili ya majani. Ili ichanue tena inahitaji giza la saa 14 kila usiku kwa wiki sita. Hapa ndipo watu wanaposhindwa bila kujua: ikikaa sebuleni ambako taa inawaka hadi saa sita usiku, kwake hakuna usiku. Kuanzia katikati ya Septemba ifunike kwa katoni tangu saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, katoni isiyo na tundu la mwanga.

Onyo moja la kweli: kalankoe ina sumu inayoathiri moyo wa mnyama. Ukiipeleka kijijini kama zawadi, isiwekwe barazani ambako mbuzi na ndama wanapita. Mbwa wa kutafunatafuna naye ahesabiwe humo.

2. Kaktasi ya Krismasi

Jina linapotosha. Si mmea wa jangwani. Kwao ni misitu ya milima ya pwani ya Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti, kwenye mboji kidogo na unyevu wa ukungu. Hivyo haipendi ukame mkali kama kaktasi nyingine, lakini mizizi yake, iliyozoea kupigwa na hewa, huoza upesi ikikalia maji. Changanya sehemu mbili za mboji iliyooza vizuri, moja ya pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu) na moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Aliye pwani anaweza kutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa badala ya pumisi, baada ya kuyaloweka na kuyasuuza mara mbili tatu ili chumvi itoke.

Inunue ikiwa na vifundo vya ukubwa wa punje ya mchele au kidogo zaidi, kisha uipe mahali pamoja usiihamishehamishe. Ukiigeuzageuza kila siku ili wageni waone upande mzuri, au ukiiweka penye upepo wa kiyoyozi, itadondosha vifundo vyote kabla havijafunguka. Angalia pia kingo za vipingili bapa, vile vinavyoonekana kama majani. Zenye meno yaliyochongoka ni aina inayochanua mapema, na inaweza kuwa imemaliza kabla ya mkesha. Zenye kingo za mviringo huchelewa.

Kuizalisha ni kazi ya dakika moja: nyonga kipande chenye vipingili viwili au vitatu, kiache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kichomeke sentimita mbili kwenye mchanganyiko ule ule. Ikitunzwa inaishi miongo. Dar na Mombasa itakupa majani mazuri, ila kufunga maua ni taabu, kwa sababu usiku wa huko hauna ubaridi inaoutaka.

3. Poinsetia

Ndiyo inayouzwa kuliko zote, na mimi naiweka ya tatu. Si mmea mbaya. Ni mmea unaouzwa vibaya.

Yale mekundu ni majani. Maua yenyewe ni vile vijungu vidogo vya kijani na njano vilivyo katikati. Vikiwa bado vimefumba, una wiki kadhaa za wekundu mbele yako. Vikiwa vimemwaga unga wa njano au vimeanguka, acha. Angalia tena majani ya kijani ya chini: shina likiwa tupu kutoka udongoni hadi nusu yake, mizizi imeshaanza matatizo. Na usinunue iliyokaa siku nyingi ndani ya kile kifuko kirefu cha plastiki. Mmea hutoa gesi ya ethilini, gesi inajifungia humo, vikonyo vya majani vinalegea na kuinama.

Inataka mwanga mwingi, nyuzi 18 hadi 22, na udongo unaokauka kidogo juu kabla ya maji mengine. Chini ya nyuzi 10 inaumia, kwa hiyo wa Limuru, Njombe na Lushoto waitoe dirishani usiku. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho. Ule uvumi kwamba jani moja linaua mtoto si kweli, ila si chakula pia.

Kwa safari ya wiki mbili haiwezi peke yake. Chukua utepe wa fulana kuukuu ya pamba tupu, upana wa vidole viwili, uloweshe, zika ncha moja sentimita tano ndani ya udongo, nyingine itumbukize hadi chini ya ndoo ya maji iliyo usawa na chungu. Fulana ya nailoni haivuti maji vizuri.

Hapa nina kinyongo. Poinsetia asili yake Mexico, lakini baadhi ya zile zinazopamba madirisha ya Ujerumani Desemba zilianza kama vipandikizi katika shamba liitwalo Wagagai, pembeni mwa Ziwa Victoria nchini Uganda. Kanda yetu inajua kuuzalisha mmea huu kwa kiwango cha kuuza Ulaya. Halafu kwenye duka la maua mjini unauziwa wenye mizizi ya kahawia, bei imeruka kwa sababu ni wiki ya sikukuu, na foili inahesabiwa kivyake. Wengine wanapuliza rangi ya fedha na vimetameta juu ya majani. Jani lililopakwa rangi halipati mwanga sawasawa, nawe unalipia zaidi. Vikaktasi vidogo navyo vinagundishwa maua makavu kwa gundi ya moto juu ya kichwa, gundi inaacha kidonda palepale mmea unapokulia. Ukiuliza maji kiasi gani, jibu ni moja kwa mimea yote: "Kila siku asubuhi." Anayekushauri hivyo ndiye atakayekuuzia mwingine Februari.

4. Amarilisi

Hii hununuliwa kama tunguu, na hapo ukubwa ndio kila kitu. Tunguu lenye mzingo wa sentimita 26 au zaidi kwa kawaida hutoa vikonyo viwili vya maua. Dogo hutoa kimoja au majani tu. Libonyeze: liwe gumu kama kitunguu kipya, pasiwe na palipolainika pale chini mizizi inapotokea. Panda theluthi ya juu ikiwa nje, kwenye chungu kinachoacha nafasi ya vidole viwili tu pembeni. Huchukua wiki sita hadi nane, kwa hiyo la Krismasi lilipaswa kuwa udongoni mwishoni mwa Oktoba.

Yale yaliyochovywa nta ya rangi yasikuvutie. Mara nyingi mizizi imekatwa na kitako kimechomekwa waya ili lisimame. Litachanua kwa akiba yake, kisha ndio mwisho wake.

5. Siklameni

Inapenda ubaridi wa nyuzi 10 hadi 18. Pwani usijaribu. Nyanda za juu, mwagilia kupitia kisahani, kamwe si juu ya tunguu.

Na za bei rahisi?

Miche midogo ya kalankoe ya barabarani, ile isiyo na foili wala utepe, mara nyingi ina mizizi mizuri kuliko ya dukani. Ipindue vilevile. Kijiti cha poinsetia kutoka ua wa jirani ni bure: kata sentimita 15, suuza utomvu kwa maji hadi ukome, chomeka. Desemba hii hutapata wekundu wowote.