Dari za Alhambra, kwa macho ya fundi wa Lamu

Niseme mapema ili asiyetaka asipoteze wakati wake: hapa sitasifu bustani, wala chemchemi, wala mahali pazuri pa kupigia picha. Mimi ni fundi wa lipu na nakshi, mzaliwa wa Lamu, na riziki yangu imetoka katika kutengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe na kutoa boriti zilizoliwa na mchwa ili nitie nyingine. Binti yangu anafanya kazi Málaga, kusini mwa Uhispania. Nilipokwenda kumtembelea alitaka kunipeleka baharini. Nikamwambia, "Mwanangu, bahari ninayo. Nipeleke Granada nikaone dari." Basi ninachokipima hapa ni dari za kasri za wafalme Waislamu wa Banu Nasr, yaani Wanasri, zilizomo ndani ya Alhambra, ngome yao ya Granada, na namna zilivyotunzwa.

Habari ya tiketi niimalize haraka. Nunueni mapema, tena mapema sana wakati wa joto, kwenye tovuti rasmi ya Alhambra, kwa jina lako mwenyewe na namba ya pasipoti, na pasipoti yenyewe uende nayo. Bei inazunguka kwenye yuro 20. Sehemu nyingine za ngome unatembea upendavyo, lakini Kasri za Wanasri zina saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na saa ikishapita, imepita. Idadi ya watu kwa kila nusu saa ina kikomo. Wengine hulalamika kuhusu hilo. Mimi naliunga mkono kabisa. Pumzi ya watu ni maji, na jasi, ile lipu nyeupe iliyotiwa nakshi humo, haipendi maji. Chukua darubini ndogo. Kama huna, washa kamera ya mbele ya simu, ilaze kiganjani na utazame dari humo, shingo haitakuuma.

Ukumbi wa Mabalozi, ndani ya mnara wa Comares, ndio ulionipeleka. Ni kazi ya zama za Sultani Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1354. Dari yake ni ya mbao, vipande 8,017 vilivyopachikwa kuwa nyota juu ya nyota, safu saba, na kileleni pana kikuba kidogo. Kutoka sakafuni hadi huko juu ni kama mita 18. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani hatuhitaji mwongozaji wa kutueleza kwa nini safu ni saba, kwa maana chini ya dari, ukutani, imeandikwa Suratul Mulk, ile Tabaraka tuliyohifadhi tukiwa watoto, inayotaja mbingu saba tabaka kwa tabaka. Nilisimama nikaisoma kwa sauti ya chini. Binti yangu akanivuta kanzu: "Baba, watu wanatutazama." Watazame.

Sasa, dari hiyo leo ni ya kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Anayeingia bila kujua hudhani ndivyo ilivyokusudiwa. Sivyo. Ilikuwa imepakwa rangi, na nyuma ya mbao kuliwahi kupatikana kibao ambacho mafundi wa zamani walikiandika majina ya rangi za kupaka, safu kwa safu. Yaani maagizo ya kazi yapo mkononi! Binti yangu aliposikia hayo aliuliza swali ambalo kila mteja wangu huuliza: "Basi kwa nini wasiipake upya?"

Nilimjibu pale pale, na nalirudia hapa. Kujua jina la rangi si sawa na kujua rangi. Nyekundu ipi? Nzito kiasi gani, imechanganywa na gundi gani? Ukipaka leo utapata dari mpya nzuri ya leo, na yale mabaki ya rangi ya karne ya 14 yaliyoshikilia kwenye nyufa za mbao utakuwa umeyazika. Walioihifadhi waliiacha ilivyo, na rangi wakaichora kwenye karatasi ili watu wajue. Kwangu huo ndio ufundi wa juu kabisa, fundi mwenye uwezo wa kupaka anapoweka brashi chini.

Mlangoni mwa ukumbi huo kuna chumba kiitwacho Sala de la Barca, na hapo nilipunguza alama, ingawa si kwa kosa la mtu aliye hai. Tarehe 15 Septemba 1890 moto uliiteketeza dari yake. Unayoiona ni nakala iliyokamilika miaka ya 1960. Ni kazi safi, sikatai. Lakini toka hapo uende moja kwa moja kwenye ile ya Comares, kisha urudi, na utaona tofauti bila kuambiwa. Mbao za zamani zimejikunja kidogo kidogo, kila moja kwa tabia yake. Hizi zimenyooka mno.

Ua wa Simba ndio mahali ambapo hoja ya utunzaji imeandikwa kwenye kuta zenyewe. Katikati ya karne ya 19 mrekebishaji mkuu wa Alhambra alikuwa Rafael Contreras. Alikuwa na mkono mzuri na hamu kubwa ya kupamba. Juu ya kibanda cha upande wa mashariki alijenga kuba la vigae vya rangi, kwa kuwa aliona jengo la Waarabu bila kuba halijakamilika. Kuba hilo halikuwahi kuwapo. Watu wakalizoea, wakalipiga picha, wakalipenda. Kisha akaja Leopoldo Torres Balbás, msanifu aliyekabidhiwa kasri hizi mwaka 1923, na mwaka 1934 akaling'oa, akarudisha paa la kawaida la vigae. Granada ikachachamaa. Alilaumiwa kwa kubomoa urithi, kumbe alikuwa akiondoa uongo. Mwaka 1936 aliondolewa kazini.

Alama yake lakini haikuondolewa. Tazama kuta na sehemu za juu: palipokuwa na nakshi iliyopotea, mara nyingi utakuta lipu tupu, tambarare, yenye rangi iliyotulia, au mistari mikuu tu bila maua madogo. Ukisimama mbali jicho linaunganisha, mchoro unakamilika. Ukisogea karibu unajua hasa wapi mkono wa mwaka 1370 umeishia na wapi wa karne ya 20 umeanzia. Hakuna anayekudanganya. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko popote, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kwa adabu kama niko salama.

Nilikuwa nikifikiria kwetu. Ipo nyumba moja ya wageni kisiwani, sitaitaja, ambayo mwenyewe aliona lipu ya zamani inachubuka akaifunika yote kwa saruji, kisha akachonga zidaka mpya juu yake kwa kalibu. Lipu yetu ni ya chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Inavuta unyevu na kuutoa. Ukiizibia kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma, na siku moja ukuta unasukuma lile ganda zima chini. Ndivyo ilivyokuwa, na boriti zilizoegemea ukuta huo zikaoza vichwa. Hapa Granada wanatumia jasi zaidi, ambayo hukauka upesi na ndiyo sababu mafundi wake walichonga kwa patasi na vilevile wakamimina kwa kalibu, lakini kanuni ni ile ile: kiraka kiwe dhaifu kuliko cha asili, ili kitakachovunjika siku ya kuvunjika kiwe kiraka.

Ukumbi wa Dada Wawili kila mtu atakusifia, na mimi sina la kupinga. Kuba lake ni la mukarnasi za jasi, yaani vijishubaka vilivyopangwa ngazi kwa ngazi, vipande zaidi ya 5,000, sega la nyuki lililopinduliwa, na mwanga unaingia pembeni kwa madirisha madogo. Nenda jua likiwa limeinama. Ukumbi wa Mukarnasi wenyewe, kinyume cha jina lake, hauna mukarnasi juu: ghala la baruti lililipuka bondeni mwaka 1590, dari ikaharibika, na baadaye wakaweka nyingine kwa mtindo wa Kikristo wa wakati huo. Pita tu.

Usipite haraka Ukumbi wa Wafalme. Huko dari tatu zina picha za watu, jambo linalowashangaza wengi: mabwana kumi waliokaa kwenye matakia, na kando zake mashujaa, mawindo, mtu na mwenzake wakicheza sataranji. Si rangi juu ya lipu. Ni ngozi iliyobandikwa na kupigiliwa kwenye mbao zilizopindwa, kisha ikapakwa. Mtu yeyote aliyewahi kuwamba ngoma anajua ngozi inavyofanya: hewa kavu inaikaza, hewa ya maji inailegeza, na kila ikicheza hivyo rangi juu yake inapasuka na kujikunja. Adui mkubwa hapo alikuwa mvua inayopenya paani, kwa hiyo kazi ya kuokoa picha ilibidi ianzie juu ya paa. Hili ningependa kila mwenye nyumba ya zamani alisikie. Mtu huniita nitengeneze dari, nami namwambia twende kwanza juu ya paa, tukatazame vigae na mfereji. Wengi hukasirika, wanadhani natafuta kazi ya ziada.

Ukitoka huko utafika Partal, mnara wenye bwawa mbele. Watu hukaa ukingoni na kula biskuti. Ingia chini ya paa utazame juu: dari ile ya mbao ni nakala. Ya asili ilichukuliwa na Arthur von Gwinner, mwenye benki wa Ujerumani aliyekuwa akiimiliki nyumba hiyo. Mwaka 1891 aliikabidhi serikali ya Uhispania nyumba, dari akaondoka nayo. Sasa ni mali ya makumbusho ya sanaa za Kiislamu ya Berlin, ndani ya jengo la Pergamon. Binti yangu anasema likizo ijayo tuifuate. Jengo hilo liko katika ukarabati mrefu, kwa hiyo kama na wewe una nia hiyo, uliza kwanza kabla hujakata tiketi ya ndege.