Rivyu: kadi nyekundu za haki za wahamiaji, kwa tunaoishi Marekani

Wadau mlioko Marekani, hasa nyie mnaokaa na ndugu wasio na makaratasi au wenye kesi ambazo hazijaisha, naandika kuhusu zile kadi nyekundu za Immigrant Legal Resource Center (ILRC), lile shirika la msaada wa sheria kwa wahamiaji la San Francisco. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Kadi ni ndogo kama bizinesi kadi, inakaa kwenye waleti. Upande mmoja ni wako, kwa lugha unayochagua kati ya zile walizonazo: maafisa wa uhamiaji wakigonga usifungue mlango, usijibu maswali, usisaini kitu kabla hujaongea na wakili, ukiwa nje uliza kama uko huru kuondoka. Upande wa pili ni Kiingereza, huo ni wa afisa wa uhamiaji, unamwambia huongei naye kwa haki ya Marekebisho ya Tano ya katiba, na kwa Marekebisho ya Nne humruhusu kuingia mpaka awe na hati iliyosainiwa na jaji, yenye jina lako, aipitishe chini ya mlango. Hapo ndo nilipoipendea. Mtu akishatetemeka Kiingereza chote kinamkimbia, hata aliyesoma, sasa hapa huhitaji kuongea kabisa, unaisukuma chini ya mlango au unaionyesha dirishani basi.

Na hizo hati mzijue jamani. Fomu I-200 (ya kumkamata mtu) na I-205 (ya kumwondoa nchini) zinasainiwa na maafisa wa uhamiaji wenyewe, sio jaji. Soma juu ya karatasi, ya jaji inaandikwa jina la mahakama.

Nyota moja nimeibana kwa sababu kadi peke yake haitoshi kwa malezi yetu. Sisi mtu akipiga hodi tunaitikia karibu, mlango uko wazi kabla hata hujajua ni nani. Tulikaa na familia moja ya Kikongo hapa Dallas, baba alikamatwa akienda kazini, mama kabaki na watoto, tukasema tufanye mazoezi, nikatoka nje nikagonga kwa nguvu, yule dogo akakimbia akafungua mlango wote huku anacheka, kadi iko palepale ukutani pembeni yake! Mama yake alishika kichwa. Tukarudia na kurudia mpaka akawa anasimama mbali anaita "Mama, kuko mutu ku mulango." Na maafisa wakivunja mlango, msishindane nao, semeni tu hamkubali, mkumbuke sura, namba za magari na saa.

Halafu mtu akishachukuliwa kadi haina msaada tena. Ile tovuti ya serikali ya kutafuta waliokamatwa inataka A-namba (ile namba ya faili lake la uhamiaji, inaanza na herufi A) na nchi aliyozaliwa, au jina liwe limeandikwa vilevile kama walivyoliandika wao, na majina yetu mnajua yanavyoandikwa kila ofisi kivyake. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani humo kabisa. Kwahiyo A-namba ya kila mtu mzima mpe ndugu unayemwamini leo leo, na kama uko Texas jaza Fomu 2638 ili shangazi au jirani aweze kumpeleka mtoto shule na hospitali.

Wakili wa bure wa serikali hakuna kwenye kesi za uhamiaji. Dhamana kisheria haiwi chini ya dola 1,500, na tangu uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji wa Septemba 2025 wengi walioingia bila kupita mpakani rasmi wamekuwa wakinyimwa hata kusikilizwa dhamana na jaji wa uhamiaji, mawakili wanakimbilia mahakama za shirikisho, na hiyo ni hela. Msiba ukitokea grupu la wasap linachanga usiku huohuo, lakini mtu akikamatwa tunanong'ona, mama anakaa na rent peke yake. Hii inaniuma sana. Huyo naye amefiwa kwa namna yake, apelekewe chakula, achangiwe.

Kuna watu wanaziuza mtandaoni, msinunue, faili la kuprinti liko bure kwa wenyewe ILRC. Printi kwa karatasi ngumu, pande mbili, kila mtu mzima na yake, na moja ibaki mlangoni.