TAHADHARI: Faili la "takwimu za siri" za Kombe la Mfalme la kikapu linalouzwa Dodoma ni feki

Wadau wa mikeka (tiketi za kubeti), hasa mlioko Dodoma mjini, Chamwino, Kondoa mpaka Singida, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna faili linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na sasa linauzwa hadi mkononi nje ya vibanda vya kubeti, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu. Jina lake hubadilika kila wiki lakini ndani ni lile lile: jedwali la "takwimu za siri" za Kombe la Mfalme la Hispania, lile la mtoano la mpira wa kikapu linalochezwa kila Februari. Faili ni shilingi 30,000. "Mechi zilizopangwa", yaani eti matokeo yameshaamuliwa, ni 150,000. Muuzaji hatumtaji, maana hana jina moja. Namba yake ikifungwa leo, kesho anarudi na nyingine na picha ya gari jingine. Faili lenyewe ndilo halibadiliki, kwa hiyo tunalifungua hapa.

Anza na hesabu ambayo haihitaji hata kujua kikapu. Kombe lile lina timu nane tu: saba za juu kwenye ligi baada ya mzunguko wa kwanza, pamoja na mwenyeji. Mwenyeji akiwa tayari yumo kwenye hizo za juu, timu ya nane inaingia. Robo fainali nne, nusu fainali mbili, fainali moja. Jumla mechi 7. Hakuna marudiano wala kugombea nafasi ya tatu. Yote yanaanza Alhamisi na kuisha Jumapili, kwenye uwanja mmoja, na bingwa mwenyewe anakuwa amecheza mechi 3.

Sasa tazama safu ya nne ya lile faili: "Kombe msimu huu, mechi 10 za mwisho, ova 9/10" (ova ni jumla ya pointi kupita namba iliyowekwa na kampuni, anda ni kutofika). Kumi zimetoka wapi? Timu haiwezi kucheza kumi kwenye kombe lenye mechi saba, tena kati ya hizo saba inacheza tatu ikiwa imefika mwisho. Ukimbana atakwambia amejumlisha na misimu ya nyuma. Sawa, hesabu tena: timu iliyofika fainali miaka mitatu mfululizo ina mechi 9. Ya kumi inamrudisha mwaka wa nne, na kikosi cha miaka minne iliyopita hakikuambii chochote kuhusu Alhamisi hii.

Hesabu hiyo ibebe hata kwenye makombe mengine. Mtoano wowote wa mechi moja moja, idadi ya mechi ni idadi ya timu toa moja, kwa sababu kila mechi inatoa timu moja na bingwa peke yake ndiye asiyetolewa. Timu 16, mechi 15. Timu 32, mechi 31. Mtu akikuuzia "mechi 12 za Kombe la Mfalme wikiendi hii", ameshakosea kabla hujafungua.

Safu ya sita ndiyo iliyochanisha (iliyopotezesha) mikeka mingi, na ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafanana na kitu cha kweli. Imeandikwa "wastani wa pointi za mechi" na namba zake zinacheza kwenye 190 hadi 220. Hizo si za Hispania. Kikapu cha FIBA (shirikisho la dunia), kombe hili likiwemo, ni robo nne za dakika 10, jumla dakika 40. NBA ya Marekani ni robo nne za dakika 12, jumla 48, na ligi ya Ufilipino nayo ni 48. Mtu amechukua jedwali la dakika 48, akafuta majina ya timu, akaandika mengine. Chukua namba yoyote ya safu hiyo, zidisha kwa 40, gawa kwa 48. Ile 220 inashuka mpaka 183. Na 183 yenyewe bado ni wastani wa ligi nyingine yenye kasi nyingine. Ukiona kampuni imeweka ova 164.5 na faili linakwambia wastani ni 210, usidhani kampuni imelala. Kampuni inajua mechi ni dakika 40.

Jambo la muda wa nyongeza nalo linachezewa sana. Mechi ya mtoano ya kikapu haiishi sare. Zikifungana dakika 40 zinaongezwa dakika 5, na nyingine 5, hadi mmoja ashinde. Tuseme zimefungana 80-80, kisha nyongeza ikaisha 91-88. Dakika 40 zina pointi 160. Ukijumlisha nyongeza ni 179. Kwenye 164.5, matokeo yale yale yanatoa anda kwa soko (aina ya dau) la dakika 40 na ova kwa soko lenye nyongeza. Muuzaji hasemi kabla ni soko gani. Mechi ikiisha ndipo anachagua linalompendeza na kuandika "IMETIKI", yaani imeshinda. Vivyo hivyo kwa mshindi: soko lenye chaguo la sare ni la dakika 40 peke yake, soko la timu mbili bila sare huwa linahesabu nyongeza. Soma maelezo ya soko kwenye mkeka wako mwenyewe, maana usipojua hilo hata muuzaji mkweli angekuchanganya.

Takwimu halisi za kikapu hazifichwi na mtu. Karatasi ya kila mechi hutolewa bure kwenye tovuti ya ligi yenyewe. Anayejua kazi hakuletei wastani wa pointi mtupu, anaanza na idadi ya mashambulizi. Inakadiriwa hivi: mitupo yote ya uwanjani iliyojaribiwa, jumlisha 0.44 mara mitupo huru, toa ribaundi za kushambulia (mipira timu inayoidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), jumlisha mipira iliyopotezwa. Timu iliyotupa 62, mitupo huru 20, ribaundi za kushambulia 10, ikapoteza mipira 13: 62 + 8.8 − 10 + 13 = 73.8. Kama ilifunga 83, gawa kwa 73.8, ni kama pointi 112 kwa kila mashambulizi 100. Hapo ndipo unaweza kuilinganisha timu ya kasi na timu ya polepole. Muulize muuzaji mashambulizi ya timu yoyote kwenye faili lake. Atakutumia emoji ya moto.

Na hata hizo takwimu safi zina mpaka wake. Hadi kombe linaanza, kila timu ina mechi 17 za mzunguko wa kwanza wa ligi, zilizochezwa kwa kupumzika katikati. Kwenye kombe, timu iliyocheza robo fainali Ijumaa ikifika fainali inakuwa imecheza siku tatu mfululizo, wakati iliyoanza Alhamisi ilipata Ijumaa ya kupumzika. Wastani wa ligi hauoni miguu iliyochoka. Ndiyo maana kombe hili lina historia ya kuwaangusha wakubwa: mwaka 2023 kule Badalona, Unicaja ya Málaga iliitoa Barcelona, ikaitoa Real Madrid, kisha ikaifunga Tenerife fainali. Mwaka uliofuata kombe likachezwa nyumbani kwao Málaga, na likaondoka na Real Madrid. Mwaka 2025 Unicaja ikalirudisha. Mtu anayeuza "uhakika" wa mashindano ya namna hii angekuwa na aibu kidogo, lakini ndiyo hivyo.

Swali linaloulizwa kila siku: mbona alinitumia mechi tatu za bure na zote zikatiki?

Kwa sababu hukuwa peke yako. Tuseme muuzaji ana namba 320. Mechi ya kwanza, watu 160 anawatumia ova, 160 anawatumia anda. Upande uliochana anaufuta, hauguswi tena. Waliobaki 160 anawagawa 80 kwa 80. Kisha 40 kwa 40. Baada ya mechi tatu kuna watu 40 ambao wameona tatu kwa tatu kwa macho yao, na wako tayari kuapa. Kila mmoja akilipa 30,000 ni 1,200,000, na hajatazama hata robo moja ya kikapu. Ndiyo sababu ujumbe wa bure unakuja faragha, haubandikwi kwenye grupu. Ukitaka kuthibitisha, mtafuteni mwenzako aliyechukuliwa namba siku ile ile na mlinganishe simu. Mara nyingi mtakuta mmoja alipewa ova na mwingine anda ya mechi moja.

Wale wa grupu la wazi wanatumia saa. Februari, Hispania iko nyuma yetu kwa saa 2. Mechi ya saa 3 usiku kwao ni saa 5 usiku Dodoma. "Kidokezo" kinabandikwa saa 5 kasoro kikiwa na maneno ya jumla tu, halafu mechi ikishaisha kinarekebishwa kuwa na timu na namba. Telegram saa inabaki ile ya mwanzo. Angalia pembeni ya saa kama kuna alama kwamba ujumbe umehaririwa. Kwenye WhatsApp wanapenda stetasi, kwa kuwa zilizochana zinapotea zenyewe ndani ya saa 24, na zilizotiki wanazipiga picha na kuzirudia mwezi mzima.

Picha za mkeka zihesabu kwa kikokotoo. Upo mmoja unazungushwa sana, una mechi nne: 1.85, 1.90, 1.75 na 2.10, dau 20,000, malipo 458,352. Zidisha odds zote unapata 12.91 na vidogo. Mara 20,000 ni 258,352. Mtu amebadilisha 2 ya mwanzo kuwa 4 akaridhika. Tena namba ya tiketi imefunikwa na kikaragosi kinachocheka, wakati namba hiyo ndiyo pekee inayoweza kukaguliwa kwenye kampuni. Mkeka usio na namba ya tiketi uhesabu kama mchoro.

Ukishalipa 30,000 haishii hapo. Hatua ya pili ni 150,000 ya "mechi iliyopangwa". Ya tatu ni "bima" ya kurudishiwa ukichana, ambayo hairudi. Ya nne ndiyo inayomaliza mtaji: anakwambia umtumie dau akubetie yeye, au upakue programu kwa kiungo anachokutumia. Ndani ya programu hiyo unaona salio lako limefika 2,400,000. Ukitaka kutoa, inadai ulipe kodi kwanza. Hapa simama. Kwa Tanzania kodi ya ushindi inakatwa na kampuni yenyewe kabla pesa haijakufikia. Hakuna mshindi anayetuma kodi kwa namba ya mtu binafsi. Na kampuni iwe yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ikiwa huioni kwenye orodha ya Bodi, hilo salio ni maandishi tu.

Angalieni pia namna anavyotaka kulipwa. Hapendi umtumie kutoka kwenye simu yako. Anakwambia uende kwa wakala "uweke" moja kwa moja kwenye namba yake, kwa sababu muamala huo hauonekani kwenye akaunti yako na kuufuatilia ni kazi. Jina linalotokea kwa wakala halifanani na anayejitambulisha. Ukiuliza ni "shemeji yangu" au "karani wa ofisi". Mawakala wa Sabasaba na stendi ya Nane Nane, mkiona kijana anaweka hela kwa namba ile ile anayowekewa kila mtu, mwambieni tu asome jina kwa sauti.

Ukiwa umeshatuma, fanya haraka na kwa mpangilio huu. Piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Dakika zinahesabika, maana hela ikishatolewa hakuna cha kuzuia. Usifute mazungumzo wala kumtukana, akikufungia utapoteza ushahidi. Piga picha za ujumbe, namba, jina lililotokea na kumbukumbu ya muamala. Ujumbe wa utapeli usambaze kwenda 15040, ya TCRA, ukiulizwa namba iliyokutumia itume. Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), kwani taarifa za mwenye laini mtandao huwapa polisi, si wewe. Kama ulitoa namba ya siri au tarakimu za uthibitisho, badilisha siri ya akaunti ya kubeti na ya pesa za simu siku hiyo hiyo, ufute ile programu. Ulimpa na namba ya NIDA? Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta, inaweza kuwa ndiyo anayotumia kuwauzia wengine.

Wenye vibanda: faili hili wanauziwa hadi vijana wa sekondari, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti kabisa. Mwenye kibanda akiachia muuzaji asimame mlangoni kwake, leseni inayohojiwa ni ya kibanda.

Faili likibadilishwa safu, tutarudi kuandika. Kwa sasa angalia ya nne na ya sita.