Stationery ya Mwanga inayosajili domeini, Kigoma: hutoki hapo imeili yako haijathibitishwa

Wana Kigoma mnaotaka websaiti ya biashara, ipo stationery pale Mwanga karibu na soko, wanatoa kopi, wanapiga passport size, na domeini (lile jina la websaiti, kama linaloishia na .com) wanasajili pia. Mi nawapa nyota tano na sababu kubwa ni moja, hawakuruhusu uondoke kabla hujathibitisha imeili yako.

Nilimpeleka mama mdogo, yeye anauza dagaa kwa jumla anapakia mpaka Dar, alitaka jina lake la .com. Jamaa wa pale kabla hajapokea hata hela akageuza skrini upande wetu, "mama hebu soma mwenyewe nilichoandika", mama akavaa miwani akasoma herufi moja moja na yeye ndo akaona gmail imekosa i. Ikarekebishwa palepale. Namba ikaanza na +255, na kwenye mwenye domeini likaandikwa jina la mama na sio la duka, hapo ndo niliwakubali kabisa.

Maana kuna hii ishu watu wengi hawaijui. ICANN, hawa wanaosimamia majina ya intaneti duniani, kwenye mkataba wao wa 2013 waliyabana makampuni yanayosajili .com, .org, .net na wenzake, kwamba ukisajili lazima wakuhakiki kwa imeili au simu ndani ya siku 15, na wewe ujibu. Usipojibu wakuhakiki kwa njia nyingine au domeini inasimamishwa, websaiti haifunguki na imeili za biashara zinagoma, na ya mwaka mzima ulishalipa!! (.co.tz ina utaratibu wake.)

Shemeji yangu yalimkuta. Ana gesti, fundi mmoja akamsajilia kwa imeili ya fundi mwenyewe, halafu huyo fundi akahama mji na simu haipatikani, ile meseji ya kuthibitisha ikaenda kwake nani wa kuifungua? Gesti ikapotea mtandaoni, wageni wa Gombe wanatafuta bei hawaoni kitu, na kuirudisha ni mbinde kwa sababu kampuni inaongea na aliyeandikwa pale sio anayelalamika. Inauma sana jamani, mtu katoa hela yake halafu jina la biashara yake liko mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa kwa mama meseji haikuonekana inbox, ikakutwa kwenye spamu. Jamaa hakumbonyezea, alimwonyesha kwanza aangalie imetoka kampuni gani, ni ileile tuliyosajilia au la, akamwambia kuthibitisha ni bure kwahiyo ikija meseji inadai hela ya kuhakiki domeini huyo ni tapeli. Mama akabonyeza linki mwenyewe kwenye simu yake, ikakubali. Akaambiwa pia akija kubadilisha jina au imeili atathibitisha tena, na kila mwaka atakumbushwa aangalie taarifa zake kama bado ni sahihi.

Mama alikuwa anaogopa namba yake itaonekana kwa kila mtu, ila tangu 2018 sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza makampuni mengi yanaficha taarifa za mwenye domeini, kwahiyo hakuna haja ya kuandika namba ya uongo, ukiandika ya uongo siku ya shida utapatikanaje?

Kasoro yao, anayeijua hiyo kazi ni huyo jamaa mmoja, asipokuwepo unaambiwa rudi kesho, na mchana foleni ya kopi inakuwa ndefu mnasubiri sana. Nendeni asubuhi, na hakikisha imeili yako inafunguka kwenye simu na password unaikumbuka, jirani yetu kwenye foleni alirudishwa nyumbani kwa hilo.