Bunduki ya Upepo ya Kukunja Mtutu: Ichague kwa Skrubu ya Bawaba

Wauzaji wa bunduki za upepo hupenda kusifia mwendo wa risasi, lakini anayenunua bunduki ya kukunja mtutu kwa ajili ya kulenga shabaha atafaidika zaidi akianza na skrubu ya bawaba, yaani ile inayoushika mtutu kati ya panda mbili za mwili wa bunduki. Mtutu huo hufunguliwa kila risasi inapotiwa, na skrubu ikilegea haurudi mahali pake palepale, hivyo risasi hutawanyika ingawa mlengaji hajabadilisha chochote. Kwa kigezo hicho nazipanga kama ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza nazipa bunduki za kampuni ya Weihrauch ya Mellrichstadt, Ujerumani: HW95, au HW30S kwa asiyehitaji nguvu nyingi. Skrubu yake ya bawaba ni bolti inayofungwa kwa nati upande wa pili, na kando ya bloku ya mtutu (kipande cha chuma kilichoshika mzizi wa mtutu) kuna washa nyembamba, yaani vibati vya duara vyenye tundu, zinazolika badala ya chuma chenyewe, nazo hubadilishwa bila gharama kubwa. Ili kuirekebisha, hakikisha bunduki haina risasi wala haijakokiwa (springi yake haijabanwa), vua kitako, legeza nati, kaza bolti kidogo kidogo, kisha ishikilie isizunguke unapokaza nati. Rudisha kitako kabla ya kupima. Bunduki ikiwa imekokiwa na kushikwa kwa ulalo, mtutu unapaswa kubaki popote unapouacha, bila kuanguka kwa uzito wake na bila kuhitaji kusukumwa kwa nguvu. Kidole kikae mbali na kifyatulio muda wote, kwa sababu springi ikiachiwa mtutu ukiwa wazi, hujifunga kwa kishindo kinachoweza kuvunja vidole na kupinda mtutu wenyewe.

Ya pili ni Diana 27 iliyotumika, ambayo haitengenezwi tena. Kichwa cha bolti yake kina mapengo pembeni, na skrubu ndogo huingia katika pengo mojawapo kuizuia isizunguke. Ni ubunifu mzuri, ila unalazimika kusimama pale pengo linapoangukia, na katika bunduki kuukuu skrubu hiyo mara nyingi imeharibiwa kichwa au imepotea kabisa. Iangalie kabla ya kujadili bei.

Mwisho kabisa ni bunduki za bei rahisi zenye pini tupu isiyo na uzi, yaani mifereji ya skrubu inayozunguka. Hizi hazikazwi, zikilegea, dawa yake ni washa nene zaidi au pini mpya. Kama bajeti haikuruhusu nyingine, funga mtutu, shika kitako, usukume mtutu kushoto na kulia. Ukihisi mtutu unacheza hata kidogo, rudisha bunduki kwa muuzaji.

Kwa vifaa, nunua bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu kwa upana na unene, kwani ile iliyochongoka kama kabari huteleza na kula kichwa cha bolti. Grisi yenye molibdenamu ipakwe kwenye washa na mwili wa bolti, kidogo tu. Gundi ya skrubu siipendekezi penye nati nzima. Pasipo na nati, tone moja la ile ya nguvu ya kati linatosha, nalo liwekwe kwenye uzi uliosafishwa grisi, lisiguse washa.

Kabla ya kununua, kumbuka sheria: Uingereza, bunduki ya upepo ambayo nguvu ya risasi yake inazidi futi-pauni 12, takriban joule 16, huhitaji cheti cha silaha, na Scotland hudai cheti hata kwa zilizo chini ya hapo tangu tarehe 31 Desemba 2016.